Unyayo kwenye Tofali

Kwenye somo la historia kulikuwa na picha ya kanisa la Waingereza wa kale, lililojengwa kwa matofali yaliyookotwa kwenye magofu ya Warumi. Tofali moja lilikuwa na unyayo wa mbwa. Nikasema moyoni, huyu amekaa kanisani muda mrefu kuliko padri yeyote, na hajawahi kutoa sadaka.

Kisha nikasikia harufu ya udongo mbichi, wa nyumbani, kabla hatujaja Doha. Baba alikuwa akifyatua matofali ya nyumba yetu, mdogo wangu akakanyaga moja.

"We! Hiyo ni nyumba, si matope!" Baba alifoka.

"Muache," mama alicheka. "Akizeeka atajionea alivyokuwa mdogo."

Hakuzeeka. Homa ilimchukua mwaka huohuo, na baba akayatoa matofali yote yakajenge kanisa, asiyaone tena pale uani.

Jioni nilimwonyesha mama picha, angali na sare ya hospitali, nikiwa na ule utani wangu wa sadaka tayari mdomoni. Aliugusa unyayo kwa kidole kimoja, taratibu.

"Hawa hawakupiga plasta," alisema. "Kanisa la kwetu walipiga."