Kipande cha Kwanza

Mimi si mtu wa maneno. Nilisoma hadi darasa la nne, na hata kuandika naandika polepole, kama mtu anayechambua mawe kwenye mtama. Lakini jambo hili nitaliandika mpaka liishe, maana lilianzia nyumbani kwetu, Misigiri.

Alikuja kwetu mwanasaikolojia, bibi wa Kizungu wa makamo, akiwa na kibali cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Kiomboi. Alichunguza jinsi watoto wanavyofikiri kabla hawajajua kusoma. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mingi kwa watoto wa kule Ziwani, na kitabu alichoandika kilisomwa na wataalamu wenzake. Kiswahili alikijua vizuri, ila watoto wetu wadogo walijua Kinyiramba tu. Mwalimu wa shule akanichagua mimi nimtafsirie. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe usiyefungua kinywa? Utamtafsiria kwa kope?"

Nilikubali kwa ajili ya mdogo wangu. Mwalimu alikuwa amemkataa shuleni kwa sababu alipoulizwa maswali alinyamaza. "Huyu ni gogo," alisema. "Mrudisheni akachunge mbuzi." Lakini ilibaki nafasi moja, na mwalimu aliahidi kwamba bibi akimwona mtoto ana akili, atampokea.

Asubuhi yule bibi aliazima sinia letu, lile ambalo mama alilinunua Shelui, akaweka juu yake vipande vya mbao vyenye rangi. Mtoto alionyeshwa picha, kisha alitakiwa kuvipanga vipande vifanane nayo. Watoto wa jirani walikaa mmoja mmoja mbele ya sinia, mikono mapajani, wakavitazama tu. Mdogo wangu naye hivyo hivyo. Bibi alingoja, saa yake mkononi. Mtoto naye alingoja. Mwishowe bibi akaniambia kwa upole, "Huenda kazi hii ni ngumu kwake."

"Si nilisema?" mwalimu akadakia kutoka mlangoni.

Nilitazama chini. Mtoto huyo huyo kila siku alikuwa akifinyanga ng'ombe wa udongo na boma lao zima, na lango lake.

Mchana mama aliwakaribisha bibi na mwalimu chakula. Alisuuza sinia, akaleta ugali wa mtama na mlenda. Bibi alinawa, kisha akakumbuka jambo, akafungua daftari lake akaanza kuandika. Tukakaa. Kwetu mgeni ndiye anayemega kwanza, hata ugali upoe. Mdogo wangu alikuwa amekodolea macho sinia, anameza mate, mikono mapajani.

Nikaitazama ile mikono. Ilikuwa imekaa vile vile asubuhi.

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu mzima neno bila kuulizwa.

"Bibi," nikasema, "anakungoja."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Tangu asubuhi."

Alimtazama mtoto, akalitazama sinia, kisha akafunga daftari taratibu. "Na mimi ndiye mgeni," akasema. Akamega tonge. Mdogo wangu akalivamia sinia mpaka mama akamfinya.

"Polepole wewe! Na huyu dada yako leo kasema, mvua itanyesha!"

Baada ya kula, vipande vilirudi kwenye sinia. Safari hii bibi alichukua kimoja yeye mwenyewe, akakiweka mahali pake, akasema, "Karibu." Mdogo wangu alipanga vyote bila kusita, akaninong'oneza.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

"Anauliza kama vipo vingine."

Bibi alicheka. Mwalimu alikohoa, akarekebisha kola yake. "Mlete Jumatatu," akaniambia.

Watoto wa jirani waliitwa tena, nao wakapanga. Jioni bibi alikaa na kitabu chake magotini bila kukifungua. "Itabidi nirudi Ziwani," akasema. "Huenda na watoto wa kule walikuwa wananingoja."

Alirudi kweli, akakiandika upya kitabu chake. Nimelijua hilo mwaka huu, walipokuja wanafunzi wake wawili, mwanamume na mwanamke, ambao sikuwahi kuwaona. Kabla ya kumwambia mtoto lolote, yule kijana alichukua kipande cha kwanza, akakiweka, akasema, "Karibu." Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha hivyo.

"Ni utaratibu wetu," akajibu. "Profesa wetu anaufundisha chuoni, na wataalamu wa nchi nyingine wameuchukua kwake. Husema aliupata kwa msichana mmoja wa Misigiri."

Niliinamisha kichwa, ila uso wangu wote ulikuwa unacheka. Mama ndiye aliyeacha mchi kwenye kinu.

"Msichana gani? Si huyu hapa! Huyu huyu bubu wangu!"

Mdogo wangu sasa yuko darasa la tatu. Amekaa hapa nyuma yangu anasoma ninachoandika, na kila mstari anaumaliza kabla yangu.