Unga wa Baba Yosia

Nilipokuwa mtoto niliwahi kumsengenya mtu mzima nikiwa nimepiga magoti na kufumba macho. Naamini Mungu alinisamehe. Ninasimulia kwa sababu hata leo, huku Nsemulwa ninakoishi, nasikia watu wenye ndevu zao wakifanya vile vile kwenye maombi, na sisi tunaitikia amina.

Tulikaa Ugalla. Jirani yetu Baba Yosia alikuwa mtu wa mizinga, na alikuwa amebatizwa mwaka ule ule. Wazee wa kwetu walisema nyuki hawaingii mzingani mpaka mwenyewe amwage unga wa mtama chini ya mti, ili mizimu, wenye pori wa zamani, wakubali. Basi siku moja nimeenda kuokota kuni, nikamwona Baba Yosia amechuchumaa chini ya myombo, anamwaga unga huku anaongea. Nikajibanza. Nilitaka sana kusikia kama atajibiwa. Hakujibiwa na mtu.

Jumatano, maombi ya nyumbani yalikuwa uani kwetu, na watoto tuliruhusiwa kuomba. Zamu yangu ilipofika nikatoa sauti: "Bwana, msaidie Baba Yosia aache kuwapa mizimu unga."

Watu wakafumbua macho. Mzee mmoja wa kanisa akachekea puani. "Kumbe mwenzetu ana madhabahu mbili."

Baba Yosia akaokota kofia yake, akaondoka. Jumapili hakuonekana. Jumatano nyingine ikapita, naye hayupo.

Mama hakunichapa. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, akaniuliza, "Neema, siku ile ulikuwa unamwambia Mungu, au unatuambia sisi?"

"Mungu."

"Kwani Mungu alikuwa hajui?"

Nikaendelea kupukuchua. Tangu hapo nikawa namsikia Mama alfajiri akimtaja Baba Yosia kwa jina, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwombea ndugu aliye safarini. Halafu siku moja akanishika mkono tukaenda kwake.

Tulimkuta anachonga mzinga wa gogo. Nikapiga goti, nikaomba msamaha. Akaitikia kwa kichwa tu, shoka halikusimama. Baadaye ndipo akasema, "Mama Neema, mimi maji ya ubatizo nimeyapokea. Ila nyuki hawajabatizwa. Mzinga ukikaa mtupu, watoto wangu watalamba nini? Wokovu?"

"Nyuki mimi siwajui," Mama akajibu. "Lakini siku ya kuutundika huo, niite. Tutaomba pale pale."

"Mwanamke kwenye mizinga?" Huo nao ulikuwa mwiko. "Mzinga si utakimbiwa hata na mchwa."

Lakini alisema akicheka, na siku ilipofika akatuita.

Njia nzima nilikuwa naangalia mfuko wa shati lake. Unga ulikuwamo, umefungwa kwenye kitambaa. Alipanda, akaufunga mzinga, akashuka, akavua kofia. Mama akaomba. Akamwombea yeye, mke wake, watoto wake, wasiwe na hofu. Nyuki hakuwataja kabisa. Nikaona amesahau, nikawaombea mwenyewe kimoyomoyo.

Baba Yosia akautoa ule unga, akaushika kwa muda mrefu. Kisha akampa Mama. "Haya, nyie mkapike uji."

Tuliupika kweli. Niliunywa nikisikiliza tumbo langu kama kuna kitu kitasema.

Msimu ukafika. Mizinga yake ya zamani, iliyotiliwa unga, ilitoa asali. Ule mmoja tuliouombea ulikuwa na mijusi. Watu walimcheka mpaka kisimani. Mimi niliumia kuliko wote.

"Mama, kumbe tuliomba bure?"

"Wewe uliomba nini?"

"Nyuki."

"Mimi sikuomba nyuki," akasema, akaendelea na kazi yake.

Jumatano hiyo Baba Yosia aliingia uani kwetu, akaketi palepale alipokuwa akiketi. Yule mzee wa kanisa alitaka kusema neno, Baba Yosia akamtangulia. "Mzinga ni mtupu, mmesikia wote. Mimi nimekuja. Tuombe."

Miaka iliyofuata ule mzinga uliwahi kujaa, ukawahi pia kukaa mtupu, kama mizinga ya wengine. Mpaka leo sijui nyuki wanachagua kwa kufuata nini. Ninachojua ni kwamba nilipozaa, mtoto akawa haishi kuugua, mimi mwenyewe, mtoto wa mama yule, nilimfunga uzi wa mganga kiunoni. Baba Yosia aliuona alipokuja kutusalimia. Hakusema kitu kanisani. Alikuja tena, na tena, akaketi, akamwombea mtoto, akaniombea na mimi, mpaka siku nilipoukata uzi kwa mkono wangu.

Sasa nakuomba kitu kimoja wewe unayenisoma. Yupo mwenzako katika imani ambaye umemwona na unga wake. Usimtaje Jumatano mbele ya watu. Mtaje kwa Mungu peke yenu, halafu nenda ukamtembelee.