Harufu ya Beberu

Wiki ile wazee wa upande wa mchumba wangu walipokuwa waje kwetu Kisian, kuku wa mama walianza kuharisha. Kwetu mgeni wa heshima asipoandaliwa kuku, hata umpe ng'ombe mzima, atarudi kwao akisema hakula. Na hawa walikuwa wanakuja kuniposa.

Mama alishachukua vidonge vya antibiotiki, vile vya watu, avivunje kwenye maji ya kuku. Majirani wote hufanya hivyo. Nikamshika mkono.

"Mama, ukiwapa hizo, hawa kuku hawaliwi wiki hii. Dawa inabaki kwa nyama."

"Sasa wafe?"

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Mimi hufanya kazi katika maabara moja mjini Kisumu, na miezi ile tulikuwa tunapima asidi za mafuta, kama zile zinazotoka kwenye nazi na maziwa, tuone zinavyoua bakteria wa tumboni. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu: bakteria wamejaa kisahani kizima, lakini palipodondoshwa asidi pamebaki duara safi. Asidi hizo hupasua ngozi ya bakteria, na akishakufa hatengenezi sumu tena. Nilizishabikia kama timu ya mpira. Lakini kisahani si kuku, na hilo nililijua vizuri.

Tukawatenga wagonjwa, tukaosha vyombo vyao vyote, na wale wazima nikawachanganyia chakula na unga wa asidi hizo kutoka duka la dawa za mifugo. Unga ule unanuka, jamani! Unanuka beberu. Mama alifungua mkebe akaufunga upesi, akaniuliza kama huko maabara wananilipa ninuse mbuzi. Nami kwa kiburi changu nikauchanganyia jikoni, mlango wazi, harufu ikahamia kwenye makochi na kukataa kutoka.

Hakuna kuku mwingine aliyeugua. Kama ni unga au ni usafi, siwezi kuapa; sifa nilijipa mimi zote.

Jumamosi wageni walifika, wakanusa, wakatazamana kwa furaha. Walikula kuku kidogo kidogo, kwa adabu ya watu wanaojua kuna kitu kikubwa kinakuja. Mimi nilikuwa jikoni, maana binti anayeposwa haingii kuzungumza na wazee. Mwishowe baba wa mchumba wangu akakohoa.

"Mama, ero kamano, asante kwa kuku. Sasa ile mbuzi bado inaiva?"

Nilimwona mama kupitia mlango, ameshika sahani tupu, na nikashindwa kuvumilia, kwa sababu aibu ile nilimletea mimi. Nikaingia sebuleni na mkebe mkononi, nikaeleza yote: kuharisha, bakteria, asidi, harufu. Nilipomaliza nikajiambia, basi, ndoa ndiyo hiyo imeenda.

Yule mzee akapokea mkebe, akanusa, akapiga chafya mpaka kofia ikamtoka. Kisha akasogea kwenye kochi, akapapasa nafasi kando yake.

"Kaa hapa, nyathina, mwanangu," akasema. "Kuku zangu pia zinaharisha. Anza tena, polepole."

Nikakaa kwa furaha, nikaanza tena, na mama akakimbilia jikoni kucheka.