Mpanga mbao wa Makambako na inchi moja ya Tarsis

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umekalia mabati ya Makambako. Katika yadi ya mbao iliyo nyuma ya maegesho ya malori, Conjesta Mwalongo anainua ubao wa paini, anafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake wote. Umepinda. Anausukumia kushoto.

"Huu ni wa banda la nguruwe," anasema bila kumwangalia mtu. "Darini kwa watu hauendi."

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ni hiyo, kupanga mbao kwa madaraja. Hulipwa Sh10,000 kwa siku, na mvua ikinyesha hakuna kitu. Kwa kipato hicho, tangu mumewe afariki, amesomesha watoto watatu. Madereva wanaopakia hapa wanamwita Mama Rejoice, na wanasema hajawahi kuwafichia ubao mbovu katikati ya mzigo.

Ndiyo maana madereva na wapakiaji walipoanzisha mashindano ya malori ya mfano miaka mitano iliyopita, walimfuata yeye awe jaji.

Mwaka wa kwanza ulikuwa vurugu tupu. Mwenye duka mmoja alinunua vipande vilivyokamilika, akaviunganisha, akataka kushindana na mtu aliyekata tairi zake kwenye kandambili.

"Nikawauliza, kwani hapa yadini tunauza mbao safi na mabanzi kwenye fungu moja?" anasimulia.

Akagawa madaraja mawili. La kwanza ni la gari ambalo kila kipande kimetengenezwa kwa mkono. Likiwa na hata kipande kimoja cha dukani, linahamia la pili. Ili kujua, hugeuza kila gari chali.

"Juu kila mtu anapaka rangi, baba. Tumboni ndiko gari linasema kweli."

Akaweka na kipimo: futi moja ya lori lenyewe ni inchi moja ya mfano, likizidi au kupungua zaidi ya nusu inchi linatolewa. Mshindani huja na karatasi ya vipimo vya lori, imesainiwa na dereva wake.

Agosti mwaka jana, Tarsis Mlowe, mpakiaji wa majani ya chai huko Lupembe, alileta lori alilolihangaikia miezi minane. Karatasi ilisema futi ishirini na nne. Tepu ya Mama Rejoice ikasoma inchi ishirini na tano.

"Mama, hili nimelipima mpaka usingizini," Tarsis alilalamika.

"Tepu haina shangazi," akamjibu. Watu wakacheka. Tarsis akafunga gari lake kwenye gunia, akaondoka.

Novemba, yadini, Mama Rejoice alikuwa anapima mbao na mwenzake Anneth. Tepu yao imekatika ncha siku nyingi, kwa hiyo huanza kupimia kwenye inchi ya kwanza, kisha hutoa moja. Kutwa nzima huulizana.

"Umetoa moja?" Anneth akauliza, kama kawaida.

Mama Rejoice akaiweka tepu chini. Siku ya mashindano alitumia tepu hiyohiyo, na hakuwapo wa kumuuliza. Jioni akafungua daftari. Kila gari lilikuwa na namba mbili, ile iliyosomwa na ile iliyobaki baada ya kutoa. La Tarsis lilikuwa na namba moja tu.

"Lake sikutoa moja," anasema. "Kwenye ubao inchi moja ni vumbi la msumeno. Kwenye lori lake ni futi nzima."

Hakuna aliyejua. Angeweza kukaa kimya. Akaenda kuungama.

"Padri akaniambia, dhambi imesamehewa, lakini gari la mtu bado halijapimwa."

Akatuma ujumbe Lupembe kwa dereva wa chai. Jibu halikuja.

Agosti hii, kabla gari lolote halijapimwa, alisimama mbele ya watu zaidi ya mia, akaeleza yote, daftari mkononi.

"Sasa mama, na yale mengine tutayaaminije?" akauliza Sadock, dereva wa lori la mahindi.

"Daftari hili hapa, kagueni. Na leo tepu siishiki. Rula ya chuma, wapimaji wawili, mwenye gari anaangalia. Mkiona sifai, niondoeni."

Sauti ikatoka nyuma ya watu, ikisalimia kwa Kibena. "Kamwene, mama! Kumbe tepu imepata shangazi?"

Alikuwa Tarsis, gunia begani. Uwanja ukaangua kicheko, na Mama Rejoice akacheka huku anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Rula ikasoma ishirini na nne kamili. Watu wakashangilia. Kisha Mama Rejoice akaligeuza gari chali, akalikagua tumboni.

"Tarsis. Hizi tairi mbili za nyuma?"

"Panya walitafuna zangu, mama. Hizo nimezitoa kwenye gari la kuchezea, nikapaka rangi."

"Linahama daraja."

Minong'ono ikazagaa. "Mwachie tu, mama, si ulimkosea?" mtu akapaza sauti.

"Nilimkosea kwa kipimo. Nikimwachia kwa aibu yangu, nitakuwa nimewakosea wengine wote."

Tarsis akatazama tairi zake, akaitikia kwa kichwa. "Amesema kweli. Hamisha."

Katika daraja la pili alishika nafasi ya pili. Hakuna aliyeomba jaji aondolewe.

Sasa Mama Rejoice ana mpango mwingine. Nyumbani kwake, chini ya meza, kuna chasi ya mabanzi ya paini, mwanzo wa mfano wa lori ambalo marehemu mumewe alikuwa akiliendesha. Mwakani anataka kushindana, daraja la kwanza. Na kwa kuwa jaji hawezi kupima gari lake, ameshamwomba Tarsis ashike rula.

Kwa simu kutoka Lupembe, Tarsis anacheka kabla hajajibu.

"Mwambieni aje. Nitaligeuza chali."