Leo Sishiki Tochi

Kwenye kituo kidogo cha afya, njia ya Nyabiondo, staje yangu ya meno, yaani mafunzo ya kazini, ilikuwa na kazi moja: kushika tochi. Dokta anafanya kazi kinywani mwa mgonjwa, mimi nasimama nyuma yake na kumulika. Nilikuja na ndoto kubwa, kwamba siku moja watu wa kwetu Kalembe wataacha kung'oa meno ambayo bado yanaweza kupona. Kumbe nimekuja kuwa kinara cha taa. Mkono ukichoka, nabadilisha mkono.

"Kushika tochi pia iko masomo," dokta aliniambia nilipolalamika.

"Njo vile, Dokta," nikakubali. "Lakini hata musumari ya ukuta ingeweza kuyasoma."

Alicheka. Hakubadilisha kitu.

Asubuhi moja akaingia mama muuza maziwa na binti yake, wameshuka kutoka malishoni. Jino la mbele la binti lilikuwa na tundu dogo jeusi. Dokta akachungulia, akasema ling'olewe tu, watu ni wengi nje. Binti akafunika mdomo kwa kiganja.

"Sasa nitacheka namna gani?"

Dokta alikuwa ameshashika koleo. Mimi nikazima tochi.

"Weye, washa!"

"Leo sishiki, Dokta. Hiyo tundu iko kadogo, inazibika. Mulinifundisha kwa mudomo, sasa munipe nifanye kwa mukono."

"Na ukiharibu?"

"Mutang'oa. Si koleo iko tayari?"

Mama akapiga makofi kwa kicheko. "Papa Dokta, huyu mutoto iko na kichwa nguvu sawa ndama yangu! Lakini ndama ya vile njo inajua kunyonya. Mumuache."

Dokta akaweka koleo chini. Kisha akanyoosha mkono, akachukua tochi.

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikaanza kukwangua uozo kwa kijiko kidogo cha chuma.

"Polepole! Unachimba muhogo? Geuza mukono. Kausha kwanza!"

Alinikemea hivyo mpaka dawa ya kuzibia ikakauka ndani ya tundu, na kila kemeo nililipokea kama sukari. Tangu nifike hakuwa amenisahihisha hata mara moja. Mtu wa tochi utamsahihisha nini?

Binti akaomba kioo. Akatabasamu mdomo umefungwa, halafu meno yote nje.

"Mukono inaniuma," dokta akanung'unika, tochi bado inawaka.

"Badilisha mukono, Dokta," nikamwambia. "Mugonjwa mwengine anaingia."