Ng'ombe wa Patsy

Nilipokuwa karani mjini Moroni, enzi za Wafaransa, niliacha kula nyama. Niliacha na teksi pia: kila asubuhi nilitembea kutoka kwetu Ikoni hadi kazini, na chai nikawa nainywa bila sukari. Yote hayo kwa ajili ya kamera. Filamu zilikuwa ghali, na kusafishwa zilipelekwa Madagaska, zikarudi baada ya miezi miwili, nyingine zimeungua.

Sikumwambia mtu. Kwetu kijana akijibana hivyo, hakuna anayemuuliza sababu. Watu wanajua anaweka fedha za ndoa kuu, ile harusi ya kulisha mji mzima ambayo bila hiyo mwanamume hahesabiwi kuwa mtu mzima. Wazee wakaanza kunisalimu kwa heshima nisiyostahili, nami, nakiri, niliipokea. Likizo ilipofika nilikwenda Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani, nikamaliza filamu zote kwa siku nne.

Siku picha za huko ziliporudi, nilimkuta mjomba wangu, kaka wa mama, ananisubiri kibarazani. Alikuwa ameshazungumza na wazazi wa binti mmoja.

"Umeshapata ng'ombe wangapi wa harusi?" akaniuliza.

Nikamtolea bahasha ya picha. Akazitazama moja moja, taratibu, hadi ya mwisho. Kisha akaniuliza swali lile lile.

Nikapekua bahasha, nikampa picha niliyoipiga Patsy, kijiji kilicho juu ya Mutsamudu. Ng'ombe amesimama njiani, ananitazama.

"Mmoja," nikasema.