Saa Tisa na Nusu za Simu

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, mna simu inayojua kila mji uko mbali kiasi gani. Safari haiijui. Mimi niliiamini siku moja, na nawaandikia ilivyokuwa.

Dada yangu alifariki Unguja alasiri. Hapa Kingsbury, London, ilikuwa saa saba mchana, nami nimo jikoni nachagua mchele. Mwanawe akanipigia: watamzika leo leo, baada ya magharibi. Kwetu maiti hawekwi. Nikamuuliza mjukuu wangu wa kike, London mpaka Unguja ndege inachukua muda gani? Akabofya, akanijibu kwa Kiingereza chake: kilomita elfu saba na kitu, saa tisa na nusu.

Nikapiga Unguja. "Msizike leo. Ningojeni, napanda ndege ya usiku, saa nne asubuhi nitakuwa hapo."

"Una hakika, mama mdogo?"

"Saa tisa na nusu tu."

Ile simu ilipima anga, kama mtu anayenyoosha uzi juu ya ramani. Ndege ya kwenda moja kwa moja haipo. Ndani ya gari, njiani kwenda uwanja wa ndege, mwanangu akaniambia nitabadilisha ndege Uarabuni, na pale kuna kungoja. Nilishasafiri mara tatu, nilikuwa najua. Ila siku ile hesabu ya simu niliipenda zaidi. Sikuwapigia tena Unguja. Ningewaambia, wangezika, na mimi nilitaka nimfunue dada yangu uso, nimwone mara moja tu.

Saa nne asubuhi nimekaa Uarabuni kwenye kiti cha chuma, simu ikalia.

"Mama mdogo, umeshuka? Gari iko kiwanjani toka saa mbili."

"Bado. Nangoja ndege ya pili."

"Ya pili? Si ulisema saa tisa na nusu?"

"Inaondoka saa nane mchana."

Nyuma yake nikasikia Yasini inasomwa. "Mama keshaoshwa, keshavishwa sanda. Watu wameketi tangu alfajiri, na joto hili. Tungoje mpaka usiku?"

"Zikeni."

"Na wewe?"

"Nimesema zikeni. Sasa hivi."

Nilipofika, nyumba imejaa wanawake. Shangazi yetu, kizee asiyemficha mtu neno, akanitazama tangu kichwani mpaka miguuni. "Wa London kaja! Umemlaza mwenzio usiku kucha kwa saa zako tisa." Alisema kweli.

Niliporudi Kingsbury niliwaita wanangu na wajukuu, nikawakalisha sebuleni, televisheni nikaizima mwenyewe.

"Siku yangu ikifika, nizikeni hapa hapa, mara tu karatasi za kifo zikitoka. Aliye mbali aniombee dua huko huko aliko. Asingojwe mtu, hata akiapa kuwa yuko angani."